Somo Ndiye Anayetangulia Kitini

Ngozi ya shavu langu la kushoto ilibaki kiganjani nilipokuwa natia udhu. Nilikuwa Uturuki, chooni, katika hoteli tuliyopangishiwa, najiandaa na adhuhuri. Maji ya kwanza usoni yaliuma. Ya pili yakateleza. Ya tatu nikaona kitu kimenata mkononi, chembamba kama ganda la kitunguu, na kwenye kioo chini yake pekundu panameremeta kama kamba aliyemenywa. Nilisema moyoni, Rehema asinione. Kisha nikakumbuka kwamba Rehema, bibi harusi niliyemsindikiza, yuko upande wa pili wa mlango anavaa, kwa sababu alasiri ileile ilikuwa zamu yake kukaa kwenye kiti kilichonifanya hivi.

Mimi ni Tatu binti Salumu. Wa Kibiti na wa visiwani mnanijua kwa jina la Somo Tatu. Kazi yangu ilikuwa kusinga maharusi: kumpokea mwali, kumweka ndani, kumsugua singo, ule mchanganyiko wa kulainisha ngozi, kumfunza ya kumfunza na kumtoa siku ya siku. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande isukumeni tu iende. Nyinyi wasichana mnaopamba maharusi siku hizi ndio mlioniomba niandike, niseme kazi ilikuwaje. Wanaostaafu serikalini huagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mimi niliagwa kwa kuzuiwa mlangoni. Nitafika huko.

Nilianzia Mbuchi, kule visiwani kwenye mikoko, kwa Bi Kidawa, mjane wa mkata mikoko. Nyumba yake ilinuka vitu viwili, tope la mikoko na udi, na si kila siku udi ulishinda. Siku ya kwanza nilidhani nitaonyeshwa mwali. Akanipa msio, lile jiwe la kusagia liwa, na kipande cha liwa, ule mti wa manukato, akaniambia saga. Nikasaga mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Akaja, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole kingine, akanitazama.

"Huu mchanga, mwanangu. Mwali si sufuria."

Nikaanza upya. Nadhani msimu mzima wa mpunga nilisaga tu. Nilipojua kusaga akanifunza kuchanganya: liwa, dalia, maua makavu ya waridi, maji ya asumini, na karafuu kidogo sana. "Karafuu ni kama wifi," alikuwa akisema. "Akija kidogo nyumba inachangamka, akizidi inaungua."

Lakini alichonifunza hasa si mchanganyiko. Kule visiwani singo halimgusi mwali mpaka limguse somo. Unakaa katikati ya chumba, wanawake wa nyumba wamekuzunguka, unajipaka usoni mbele yao, nao wanautazama uso wako kama watu wanaongojea wali uive. Likikauka bila kukuwasha, ndipo unampaka mwali padogo nyuma ya sikio, analala nalo. Kesho mnatazama. Hapo ndipo kazi inaanza. Bi Kidawa alikuwa na neno lake kwa hilo, na mimi nimelisema kwa kila mwali niliyewahi kumshika: "Dawa isiyopita kwako isipite kwa mwana wa mwenzio."

Kuna mara moja neno hilo lilinionyesha maana yake. Mwali mmoja wa kisiwani, dada yake alimletea piko kutoka mjini, nyeusi tii, badala ya hina yetu. Bi Kidawa alikuwa amelala na homa, nikaenda peke yangu. Dada mtu akaniharakisha, "Paka, somo, waume wameshafika gatini." Nikajipaka mimi kwenye kifundo cha mkono. Kabla chungu cha pilau hakijafunikwa, mkono ukaanza kuvimba malengelenge. Nikaimwaga piko yote uani, kuku wakaikimbia. Yule dada alinitukana siku nzima, na mwali alitoka na miguu yake mizima. Kovu bado ninalo. Kwa miaka nililionyesha kama watu wanavyoonyesha cheti.

Baadaye kazi ikabadilika. Wakaanza kuja waliokwisha kuiva. Unafunua kanga unakuta uso wa chungwa, vidole vya mkaa, na nyuma ya shingo mistari kama ramani ya mito. Mkorogo. Ukiwagusa na singo wanaruka kama umewatia pilipili.

"Umepaka nini, mwanangu?"

"Sabuni tu, somo."

"Sabuni ya kuogea au ya kusugulia meli?"

Wanacheka, halafu wanalia, halafu wanasema ukweli. Hao nilikuwa siwasingi. Nilikuwa nawaosha kwa maji ya mchele, nawakataza jua, natupa makopo yao jalalani na kumwambia mama mtu asogeze siku. Wako waliosogeza. Wengine walitafuta somo mwingine asiyeuliza maswali, na kwa bahati mbaya hao hawakosekani.

Rehema ni mtoto wa Mzee Shabani, mnunuzi wa kamba wa Nyamisati. Ndiye mwali wangu wa mwisho. Alipoposwa na watu wa Dar es Salaam alikuwa ameshapaka mkorogo kwa muda, na mashavu yote mawili yalikuwa yameshika mabaka meusi. Nikasema tusubiri. Mama yake akakubali. Ndipo akaingia Saida.

Saida Kwangaya, mzaliwa wa Umwe, ambaye mjini anajiita Madam Sasha. Nalitaja jina lake lote ili asije mwenye jina kama lake akaonewa bure. Kazi yake ni kupeleka wanawake Uturuki, wanunue nguo, na kama wana shida ya ngozi awapeleke kwenye kliniki. Alikuja Nyamisati na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mama'angu, hizo liwa zenu za zamani," akaniambia mbele ya watu. "Kule kuna leza. Unaingia na uso wako, unatoka na uso wa mwanao."

"Na mwanangu abaki na upi?"

Wanawake wakacheka. Saida akacheka kuwazidi wote, ndipo nikajua kwamba ni mfanyabiashara hasa.

Mzee Shabani akauliza swali moja tu, na lilikuwa swali zuri: "Huko wanakotibu ni hospitali, au ni saluni?"

"Ni kliniki, Mzee," Saida akajibu.

Mzee akaridhika. Sote tuliridhika. Neno kliniki kwetu lina maana ya mahali pa kupima wajawazito na watoto, pana nesi, pana mizani, pana daktari hata kama anachelewa. Hatukujua kuwa kule duniani mtu yeyote mwenye kiti na mashine anaweza kulibandika neno hilo mlangoni.

Mama Rehema sukari imemvimbisha miguu, hawezi safari. Na mwali hasafiri bila somo wake. Nikaenda.

Sitawachosha na ndege. Nilikaa, nikaomba dua, ikashuka.

Kesho yake tulikwenda kwanza hospitali, kwa sababu Mzee Shabani alikuwa amesisitiza na Saida alitaka kumpigia simu amwonyeshe jengo. Jengo kubwa, ghorofa nzima ni ya ngozi. Tukapokewa na daktari mwanamke mtu mzima, nywele za mvi, kucha zimekatwa hadi nyamani. Alimtazama Rehema kwa taa na kioo cha kukuza, akamgusa, akamuuliza kupitia simu yake iliyokuwa ikitafsiri kwa Kiswahili cha mtu aliyepaliwa: umepaka nini, tangu lini, umeacha lini, mkijikata kwenu kovu linainuka au linalala? Rehema akataka kusema sabuni. Nikamfinya.

Daktari akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaiambia simu, nayo ikatwambia: "Leza siyo sasa. Ngozi nyeusi inashika moto haraka, na hii imechoshwa na krimu. Aache krimu, akae miezi, ajikinge na jua. Mabaka yakibaki, arudi. Tutajaribu padogo, nyuma ya sikio, tusubiri, ndipo tuone."

Simu iliposema nyuma ya sikio nilitaka kumkumbatia yule mama. Nikamwambia Rehema, "Huyu somo mwenzangu."

Saida alikuwa amenuna kabla hatujafika kwenye lifti. "Tumepanda ndege kuja kuambiwa tuache krimu? Hilo hata Kibiti tungeambiwa."

"Basi tungebaki Kibiti."

"Huyo bibi hataki kazi, mama'angu. Hospitali ni kwa wagonjwa. Rehema si mgonjwa, Rehema ni bibi harusi."

Hapo ndipo ilipo mitego ya watu kama Saida, wasichana, na ndiyo maana naandika. Anakufanya uone aibu kuitwa mgonjwa. Ngozi ikiwa na mabaka ni ngozi inayoumwa, na inayoumwa hupelekwa kwa daktari wa ngozi, aliyesomea ngozi na si nywele wala kucha. Lakini bibi harusi nani atamwita mgonjwa?

Akatupeleka kwenye jumba linaloitwa, kwa lugha yao, Waridi Jeupe. Liko juu ya duka la manukato. Viti vya ngozi laini, chai ya tufaha kwenye vikombe vidogo, na ukutani picha za wanawake, kabla na baada, kabla na baada. Nilizizunguka zote. Hakuna hata mmoja mwenye rangi yangu wala ya Rehema. Katikati imetundikwa picha ya daktari mwanamume, koti jeupe, tai.

"Daktari mwenyewe yupo?" nikamwambia Saida aulize.

"Yupo. Anakuja Alhamisi."

Haikuwa Alhamisi. Aliyekuja ni binti wanayemwita Selin, naye kavaa koti jeupe, kucha ndefu za kubandika. Kwetu somo mwenye kucha ndefu hapewi hata mtoto mchanga amshike. Hakumuuliza Rehema amepaka nini. Hakugusa shavu lake. Alitazama kwa mbali kama mtu anayechagua kitambaa, akasema atamfanyia maji ya kuchuna ngozi kisha leza juu yake, yote kwa pamoja kwa sababu tunasafiri.

Nikasema kwanza ajaribu nyuma ya sikio. Saida alipotafsiri, Selin akacheka, akagonga saa yake.

"Kliniki siyo jikoni kwako, mama'angu," Saida akaniambia. "Mashine imeshapimwa kiwandani."

"Kiwandani walimpima nani?"

Rehema alikuwa ameshakaa, amefumba macho, ametulia kama mtu aliyekwisha kujikabidhi. Nilikuwa na njia ya kumshika mkono tukatoka. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mazoea ya maisha yangu yote, na mazoea yalisema kuna jambo la kufanya kabla ya kukataa. Nikamwambia Rehema, "Inuka. Naanza mimi. Wewe kesho."

Saida akafurahi kwelikweli. "Anza, mama'angu, na hiyo mikunjo iondoke!"

Mnaelewa nilivyokosea? Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo au hapana. Mimi nilijipaka singo mbele ya watu, kama Mbuchi. Nilidhani mashine ni kama liwa, ikikukataa inasema papo hapo. Leza haisemi. Ile ilicheka nami mchana na kunitafuna nilipolala. Nilipokuwa kitini nilisikia harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa siku ya Idi, nikauliza, Saida akasema ni kawaida. Walinipaka mafuta, wakanipa kioo, uso ulikuwa umevimba kidogo na unang'aa. Rehema akanisifu. Kesho yake nikatia udhu.

Nilitoka chooni nimefunika uso kwa taulo. Rehema akaivuta.

"Somo! Yarabi toba, somo!"

"Vua baibui. Huendi."

"Saida yuko chini anasubiri."

"Asubiri. Na kiti nacho kisubiri."

Saida akapanda mwenyewe. Alinitazama, na kwa kitambo kidogo nikaona ameogopa, nakiri hilo. Halafu biashara ikamrudi usoni.

"Ni ngozi ya zamani inatoka, mama'angu. Inaipisha mpya."

"Saida, mimi nimemenya kamba tangu mtoto. Ganda likitoka hivi haji kamba mwingine."

"Ulitia maji mapema! Uliambiwa usiguse maji."

"Niliambiwa na nani, kwa lugha gani?"

Alimgeukia Rehema, akaanza kumbembeleza, kwamba yeye ni kijana, kwake itafanywa ndogo, harusi haimsubiri mtu. Rehema alikuwa amekaa kitandani, analia, anatazama shavu langu. Hakwenda. Hilo ndilo pekee lililonitoka vizuri katika safari ile. Nilirudi hospitali kwa yule mama wa mvi. Alinisafisha, akanifunga, akatikisa kichwa, na simu yake hakuitoa.

Nilipona kama mtu anavyopona. Shavu moja jeusi kuliko usiku, jingine lina mabaka meupe, na kope ya chini imevutwa, jicho halifungi sawasawa. Waridi Jeupe walimwambia Saida kosa ni langu na ngozi yangu. Saida akaacha kupokea simu zangu.

Mzee Shabani alisogeza harusi mpaka baada ya Idi. Miezi yote hiyo nilikuwa naenda Nyamisati kumsimamia Rehema: makopo yalitupwa, maji ya mchele, mtandio usoni akitoka, jua asilione. Yote aliyoyasema yule daktari. Mabaka yakaanza kukonda, taratibu, kama maji yanavyoachia tope. Siku ya kumweka ndani ilipofika nikapakia msio wangu kwenye kikapu, nikaenda.

Mama Rehema alinipokea mlangoni, akasimama palepale.

"Karibu, Somo Tatu. Lakini ukae uani na wenzio."

"Mwali yuko ndani, Mama Rehema."

"Ndani anaye wa kumsinga. Usinielewe vibaya, dada'angu." Alikuwa anatazama kikapu, haniangalii. "Mwali akifunuliwa kanga, uso wa kwanza anaouona ndio anaouchukua kwenye ndoa yake. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni mimi. Nililisema hilo miaka yote, nalo nililirithi kwa Bi Kidawa. Ndani alikuwamo msichana wa kupamba aliyeletwa na Saida kutoka Dar es Salaam. Nilimsikia Rehema akiuliza, "Nani huyo mlangoni?" Nikasikia akijibiwa. Nikangoja. Hakutoka. Nikala wali uani pamoja na wageni, ulikuwa mzuri, nikapanda bodaboda kurudi Kibiti na jiwe langu. Mwali mwingine hajaletwa kwangu. Hakuna aliyesema nimeachishwa, na hakuna aliyenitafuta.

Hilo ningelimeza. Uso wangu niliutoa mwenyewe, kwa kazi niliyoichagua. Lakini mwezi uliopita alikuja binti mmoja hapa Kibiti, jirani, ana chunusi zimeacha makovu, akanionyesha simu. Picha ya Rehema, siku ya harusi yake, mashavu safi kama yai. Kando yake picha yake ya zamani, ya mabaka. Chini Saida ameandika kuwa hiyo ni kazi ya Waridi Jeupe, nafasi ni chache, wanaotaka wajiandikishe.

"Somo, na mimi nakwenda alikokwenda Rehema," akaniambia. "Si na wewe ulikwenda?"

Uso wa Rehema haukuguswa Uturuki hata kwa pamba. Ulioguswa ni huu wangu, na huu hauko kwenye simu ya Saida.

Binti yule nimemwambia ninayowaambia nyinyi. Ukilazimika kwenda nje, usiulize kama ni kliniki. Uliza daktari wa ngozi ni nani, na umwone kwa macho kabla ya mashine kuwashwa. Wa ukutani hatibu. Uliza amewahi kutibu ngozi kama yako, akuonyeshe. Asiyekuuliza umepaka nini, toka. Asiyekujaribu padogo na kungoja, toka. Anayekufanyia yote kwa haraka kwa sababu ndege inaondoka, huyo anatazama ndege, si uso wako. Na ukiambiwa usubiri miezi, jua umempata anayestahili. Kisha uliza ukiungua nani atakushika ukisharudi Kibiti, maana mimi nilishikwa na mafuta ya nazi. Wala usitume mtu akutangulie kitini. Ngozi ya mwenzio haikusemei yako.

Rehema mwanangu, najua unayasoma haya, simu yako haifungwi. Ulikuwa kando ya kiti kile. Uliivuta taulo kwa mkono wako. Sikukudai utoke mlangoni siku ile, ulikuwa mwali, mwali hana kauli. Sasa ni mke wa mtu, una kauli. Waambie wasichana uso wako ulisafishwa na nini.

Na wewe Saida Kwangaya wa Umwe, toka kwenye hilo jina la Sasha uje ujibu kwa jina ulilopewa na wazazi wako. Njoo Kibiti mchana, uvue miwani, ukae katikati ya chumba, wanawake tukuzunguke tukutazame. Umewakalisha watoto wa watu wangapi kwenye kiti kile, sikuulizi. Nakuuliza moja tu, nalo ni la Bi Kidawa, nami nataka jibu mbele ya mama zao: dawa ile, wewe ilikupitia lini?